Hivi Meursault wa The Stranger alihukumiwa kwa kuua au kwa kutolia msibani?

Jangwani Msomaji

Wakuu habari za jioni. Naleta mada ambayo imenikaa kichwani tangu nimalize The Stranger ya Albert Camus, yule Mfaransa aliyezaliwa Algeria. Kwa ambao hamjakisoma ni kitabu chembamba tu, unaweza kukimaliza kwenye mwendokasi asubuhi na jioni za wiki moja, ila ukishamaliza ndo shughuli inaanza.

Stori kwa ufupi: kuna jamaa anaitwa Meursault, karani wa ofisini pale Algiers, anapata telegramu kwamba mama yake amefariki kwenye nyumba ya wazee. Anaenda kuzika, halii, kesho yake anaenda kuogelea, huko anakutana na dada anaitwa Marie waliyewahi kufanya naye kazi, jioni wanaenda kuangalia muvi ya kuchekesha na usiku wanalala wote. Baadaye anaingia kwenye ugomvi wa jirani yake Raymond, na siku moja ufukweni anampiga risasi Mwarabu mmoja anamuua. Nusu ya pili ya kitabu ni jela na mahakama.

Sasa kilichonichanganya ni hapo mahakamani. Kesi ni ya mauaji lakini mashahidi wanaulizwa habari za msiba. Alilia? Alikunywa kahawa? Alivuta sigara? Alijua mama yake ana miaka mingapi? Mpaka wakili wake mwenyewe anauliza hivi huyu mtu anashtakiwa kwa kumzika mama yake au kwa kuua, na watu mle ndani wanacheka.

Nimeongea na washkaji wengi wanasema mada yake ni kwamba maisha hayana maana, basi, funga kitabu. Mi naona hilo jibu ni fupi mno, kwa sababu kurasa za mwisho jamaa anasubiri kukatwa kichwa na mimi msomaji badala ya kuhuzunika nilijisikia vizuri kabisa, sielewi kwa nini. Mnaokijua hiki kitabu nisaidieni, mada zake kuu hasa ni zipi?

Nawasilisha.

kijana_tegeta

Mkuu hao washkaji hawajakosea sana ila wameishia njiani. Mwaka huohuo wa 1942 Camus alitoa kitabu kingine, The Myth of Sisyphus, kile sio stori ni insha ndefu ya falsafa na humo ndo anaeleza kinachomsumbua. Mtu anataka kujua kwa nini yupo, kwa nini anateseka, kwa nini anakufa, anauliza weee na dunia imenyamaza. Huo mgongano wa mtu anayeuliza na dunia isiyojibu ndo anaouita upuuzi. Kwa hiyo haupo kwa mtu peke yake wala kwenye dunia peke yake, unatokea pale vinapokutana. Na swali lake la kwanza kabisa kwenye insha ni kama kuna sababu ya mtu kutojiua, jibu lake ni kwamba kujiua ni kukimbia, ishi huku unajua na usijidanganye. Ukirudi kwa Meursault na hilo kichwani utaona mengi.

DadaWaUpanga

Mleta uzi umegusa penyewe. Mi nadhani mtu wa Dar anakielewa hiki kitabu haraka kuliko hata mtu wa Paris kwa sababu msiba sisi tunaujua. Msiba wetu una macho. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wanawake wamejaa ndani kwenye mikeka na khanga zao, na kila anayeingia anapigiwa hesabu, huyu kaanza kulia tangu getini, huyu kaingia kimya, huyu kaja na miwani ya jua, huyu mbona anakula wali utadhani yuko harusini. Alipofariki mama yangu mimi sikulia. Nilishika daftari la michango, nahangaika na gari la kufuata mwili, maji yamekatika, wageni wa Tanga wanatafuta pa kulala, nilikuwa nimekauka tu chozi halikuja. Nikaja kusikia shangazi zangu walishamaliza kesi, kwamba mimi mama yangu sikumpenda. Nililia miezi mingi baadaye peke yangu jikoni, nimeitoa mbuzi yake ya nazi kabatini, na hakuna shangazi aliyeona.

Sasa turudi kwenye kitabu. Nyumba ya wazee iko Marengo, kama kilometa 80 toka Algiers. Usiku wa mkesha Meursault amekaa mbele ya jeneza, mlinzi wa pale anamuuliza kama anataka kahawa ya maziwa, anasema ndiyo kwa sababu anaipenda. Akishakunywa anataka sigara, anasita, hajui kama inafaa mbele ya mama, anafikiria anaona haina shida, anampa na mlinzi moja wanavuta wote. Basi. Unasoma unapita hata hujali. Halafu wanaingia wazee rafiki zake marehemu, wanakaa wamemkabili, na yeye kwa muda mfupi anahisi kama wamekuja kumhukumu. Camus katega hapo. Karibu mwaka mmoja baadaye ileile kahawa na ileile sigara zinarudi mahakamani kama ushahidi. Mlinzi yuleyule anasimama, anakiri kwamba kahawa ni yeye aliyeitoa, na mwendesha mashtaka anajibu kwamba mtu baki anaweza kukupa kahawa ila mtoto mbele ya mwili wa aliyemzaa alitakiwa kukataa.

Ndo maana kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza mambo yanatokea tu, joto, kahawa, kuogelea, muvi, hakuna anayekueleza kwa nini. Ya pili watu wanayachukua yaleyale wanayaunganisha mpaka inakuwa stori ya mtu ambaye alikuwa muuaji moyoni tangu siku ya mazishi. Mwendesha mashtaka anatamka kabisa kwamba anamshtaki kwa kumzika mama yake akiwa na moyo wa mhalifu. Kwangu mimi hiyo ndo mada kubwa kuliko zote, jinsi watu tusivyovumilia jambo lisilo na sababu, tukikosa sababu tunaitengeneza, na anayekataa kutusaidia kuitengeneza tunamwona hatari.

Na kuna sehemu wengi wanaipita. Pale mkuu wa nyumba ya wazee anapotoa ushahidi, Meursault anajisikia kutaka kulia, mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwa kuona jinsi watu wote mle ndani wanavyomchukia. Kwa hiyo chozi alikuwa nalo.

Mwalimu wa Tabata

Naunga mkono dada hapo juu, na Camus mwenyewe anamuunga mkono. Mwaka 1955 aliandika utangulizi wa toleo la Marekani, akasema kitabu chake kwa ufupi ni kwamba kwenye jamii yetu mtu asiyelia kwenye mazishi ya mama yake yuko hatarini kuhukumiwa kifo. Alimaanisha Meursault hashiriki igizo la wenzake, hasemi asichokihisi. Marie anamuuliza unanipenda, anajibu hilo halina maana yoyote ila anadhani hapana. Bosi anataka kumpeleka Paris, anasema kwake ni sawa tu. Hakimu mpelelezi anamtolea msalaba usoni, anamuuliza kama anajuta, kila mtu anajua jibu la kujiokoa ni lipi, yeye anasema kuliko kujuta anahisi zaidi kero fulani. Angedanganya kidogo tu angepona.

Mnaomwita Camus mdhanaishi, yaani mtu wa ile falsafa inayosema maisha hayaji na maana yake bali mtu mwenyewe ndo anaitafuta, mjue mwenyewe alikataa, alisema wazi mwaka 1945 kwamba hayumo. Lakini wanafunzi wangu wakiuliza udhanaishi unaonekanaje kwenye riwaya huwa nawapa kwanza Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya 1974, halafu ndo hii, maana ukiziweka pamoja kila moja inaimulika nyingine. Mhusika mkuu wa Kichwamaji, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu anarudi nyumbani Ukerewe, ndugu zake wanamfia, hawezi kuegemea dini wala mila wala usomi wake mwenyewe, anawaza, anawaza, mpaka anajiua. Meursault ni kinyume chake, hawazi sana, anaishi kwa ngozi: anajua maji ya bahari yalikuwa na joto gani, nywele za Marie zilinukia chumvi kwenye mto, taulo la ofisini linaloviringishwa linavyokuwa limelowa jioni kwa sababu limetumiwa kutwa nzima, hadi anamlalamikia bosi. Na yeye anapofika ukingoni ndo anautaka uhai kuliko wakati wowote.

Hapo ndipo jibu la swali lako mleta uzi. Padri anakuja gerezani kumwombea, Meursault anamkunja kola, anamwaga yote yaliyokuwa rohoni, padri anaondoka na machozi. Halafu kwenye utulivu anamfikiria mama yake, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na anaelewa kwa nini uzeeni kabisa, kule Marengo, alijipatia mchumba, yule mzee Pérez aliyezimia juani siku ya mazishi. Mama karibu na kifo alijisikia huru, yuko tayari kuanza upya. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye haki ya kumlilia. Na yeye pia anajisikia tayari kuanza upya, anaona dunia haimjali na kutojali kwake kuna upole, na kwamba alikuwa na furaha na bado anayo. Ndo maana hukuhuzunika.

Hilo Camus hakulitoa vitabuni tu. Baba yake aliuawa vitani 1914 yeye hajafikisha hata mwaka, mama alikuwa anasafisha nyumba za watu, hasikii vizuri, hajui kusoma, wamebanana kwenye mtaa wa kimaskini wa Belcourt pale Algiers, na akiwa na miaka 17 akapata kifua kikuu. Bahari na jua vilikuwa vya bure.

Binti wa Kariakoo

Shikamooni wakubwa. Hapa nitawapinga kidogo, mnisamehe.

Mnasema Meursault hasemi uongo. Haya, barua je? Raymond anafahamika mtaani kwamba anaishi kwa kuwauza wanawake, ana hasira na mwanamke wake, anataka aandikiwe barua ya kumvuta arudi ili akija amdhalilishe. Anayeiandika ni nani? Meursault. Na anaiandika vizuri ili Raymond aridhike kwa sababu haoni sababu ya kutomridhisha. Mwanamke anakuja, anapigwa, kelele mpaka jengo zima linatoka, Marie anasema nenda kaite polisi, yeye anajibu hapendi polisi. Halafu anaenda kituoni kumtolea Raymond ushahidi kwamba yule mwanamke ndo alimkosea, Raymond anaachiwa kwa onyo. Huo ni ukweli wa aina gani? Huyu mtu ni mkweli kuhusu hisia zake yeye, akiulizwa unapenda, unajuta, hapo hadanganyi hata kwa bunduki. Mwili wa mwenzake ukiumia, kwake ni sawa tu.

Na aliyeuawa ndo kaka wa huyo mwanamke. Kitabu kizima hana jina. Mwenzenu nilisoma nikarudi nyuma kutafuta nikidhani nimeruka ukurasa. Mbwa wa mzee Salamano tunajua ana ukurutu, tunajua alipotea vipi, tunajua mzee alimlilia usiku mpaka sauti ikapita ukutani. Huyu binadamu aliyekufa mchangani hatujui ana umri gani, ana mama au hana, nani alimwosha, nani alimzika. Mahakamani hakuna Mwarabu hata mmoja anayeitwa kutoa ushahidi, hata dada yake. Mleta uzi umeuliza habari za kulia msibani, mi nauliza msiba wa huyu ulikuwa wapi?

Algeria ilikuwa chini ya Wafaransa tangu 1830 mpaka ilipopata uhuru kwa vita mwaka 1962. Sisi ambao babu zetu walikuwa wanaandikwa kwa kabila tu kwenye vitabu vya Wajerumani na Waingereza hatuwezi kupita hapo haraka hivyo. Mwaka 2013 Kamel Daoud, mwandishi wa hukohuko Algeria, alitoa Meursault, contre-enquête, anayesimulia ni Harun, mdogo wake marehemu, na anampa kaka yake jina, Musa. Kinaanza na mama ambaye yeye bado yuko hai. Kile cha Camus nakipenda sana, kimenikosesha usingizi, lakini mada ya nani anahesabika kuwa mtu na nani hahesabiki imo humo na tangu uzi uanze hakuna aliyeitaja.

Jangwani Msomaji

Aisee Binti umenipa cha kufikiria usiku kucha, hilo la mbwa kuwa na habari nyingi kuliko marehemu sikuliona kabisa. Asante Mwalimu na dada wa Upanga pia. Swali jingine kama hamjachoka, hili jua. Anaulizwa mahakamani kwa nini uliua anasema sababu ya jua, watu wanacheka. Camus anataka tuamini hivyo kweli?

DadaWaUpanga

Mtu aliyesimama kituoni Mbagala saa nane mchana mwezi wa pili hawezi kucheka lile jibu moja kwa moja. Angalia limepangwa. Siku ya mazishi jua linayeyusha lami barabarani, muuguzi anamwambia ukienda polepole utapigwa na jua, ukienda haraka utatoka jasho kanisani upate baridi, na Meursault anasema kweli, hakuna pa kutokea. Siku ya mauaji anasema mwenyewe jua lilikuwa lilelile la siku aliyomzika mama, na linamuuma palepale kwenye paji la uso. Anakwenda kwenye chemchemi anatafuta kivuli, anamkuta yule Mwarabu amelala kwenye kivuli hichohicho. Anajua akigeuka nyuma yameisha. Ila ufuko wote unamsukuma kwa nyuma na joto, anapiga hatua moja mbele, kisu kinachomolewa, mwanga unaruka kwenye chuma unamwingia machoni, jasho la nyusi linashuka linamfunika, na mkono unakaza. Risasi ya kwanza naweza kuelewa kwamba ni jua.

Lakini anatulia, halafu anapiga nne nyingine kwenye mwili ambao haujisogezi. Hizo nne hakimu mpelelezi anamuuliza, kwa nini ulisubiri kati ya ya kwanza na ya pili, anarudia na kurudia, na Meursault hajibu. Mi naona ukimya wake hapo ndo mzito kuliko maneno yote ya mahakamani. Na mwendesha mashtaka kwa sababu ana kesi yake tayari ya kahawa na sigara hizo risasi nne hazimsumbui inavyotakiwa.

Mwalimu wa Tabata

Binti umesema kweli kuhusu barua, na hata huo utangulizi wa 1955 haukugusa hilo, Camus anamtetea sana kijana wake. Ila kuhusu Waarabu nisaidie jambo moja. Huyuhuyu Camus mwaka 1939 alikuwa mwandishi wa gazeti la Alger républicain, akaenda Kabylia, eneo la milima hukohuko Algeria, akaandika mfululizo wa makala kuhusu njaa kule, watu wanakula mizizi, watoto wanagombania chakula na mbwa, na akailaumu serikali ya kikoloni waziwazi. Mtu aliyeona hivyo hawezi kuwa hakujua anachofanya alipomwacha marehemu bila jina. Mi nasoma kwamba ni mashtaka, anatuonyesha mahakama ambayo inaweza kumkata Mfaransa kichwa kwa kutolia, na damu ya Mwarabu ikawa kisingizio tu cha kufungua kesi.

Binti wa Kariakoo

Mwalimu hilo la Kabylia nalijua na namheshimu kwalo. Lakini makala ni makala, riwaya inasimama yenyewe, na ndani ya riwaya anayesimulia ni Meursault na sisi tunaona anachoona yeye. Kama ni mashtaka basi ni mashtaka ambayo mshtakiwa ndo kashika kalamu.

Hata hivyo kuna sehemu moja inayoniambia Camus alikuwa anaona zaidi ya Meursault. Siku ya kwanza jela wanamweka chumba kimoja na wafungwa wengi, zaidi ni Waarabu. Wanacheka wakimwona, wanamuuliza kafanya nini. Anasema nimemuua Mwarabu. Wananyamaza wote. Giza likaingia, na hao haohao wakamwelekeza jinsi ya kutandika mkeka wa kulalia, ukiviringisha upande mmoja unapata mto. Sentensi chache tu, Meursault haongezi neno anaendelea na habari ya kunguni. Waliompa mkeka hawana majina pia, lakini pale wamefanya kitu ambacho mahakama nzima na misalaba yake haikuweza, na hawakumuuliza kama alilia.

Mleta uzi kama unataka hicho cha Daoud ninacho kwa Kiingereza, nitumie ujumbe humu ndani tupange, naweza kukuazima Jumamosi ila nikirudishiwe, kuna watu wa mtaani kwetu wanakisubiri kwa foleni.